Kosa la Refa si Ushahidi wa Hongo

Mechi ya kandanda humu nchini haimaliziki refa anapopuliza kipenga cha mwisho. Huabiri matatu, ikashukia sokoni, ikapanda ngazi za maofisi Jumatatu asubuhi, na huko ikachezwa upya kwa siku tatu au nne bila mpira. Katika mechi hiyo ya pili ni nadra kumsikia mtu akisifu pasi maridadi au kipa aliyeruka kama chui. Linalotawala ni penalti. Je, ilikuwa halali? Beki aliunawa mpira kwa makusudi, au ni mpira uliomfuata mkononi? Mshambuliaji aliangushwa, au alijiangusha? Na mbona ile ya kwetu, iliyokuwa wazi kama mchana, ilinyamaziwa?

Ubishi huo si jambo baya. Mchezo usiozua ubishi ni mchezo usio na wenyewe. Watu hawapotezi sauti zao kwa kitu wasichokipenda, na shabiki aliyelipa kiingilio kwa pesa za jasho lake ana haki ya kuuliza maswali juu ya alichokiona. Hatuna nia ya kumnyang'anya haki hiyo. Lakini kuna neno moja ambalo limezoeleka mno katika mabaraza yetu ya soka, nalo hutamkwa kabla ya hoja kutolewa, kabla ya picha kuangaliwa, na wakati mwingine kabla hata mkwaju wenyewe haujapigwa. Neno hilo ni "amehongwa."

Tungependa kulisema jambo hili waziwazi. Kosa ni kitu kimoja na hila ni kitu kingine. Refa anaweza kukosea akiwa na moyo safi, kama vile mshambuliaji anavyoweza kupaisha mpira akiwa amebaki peke yake na kipa. Anayechanganya mambo haya mawili hadhani kuwa anamsaidia mla rushwa, lakini ndivyo anavyofanya. Kwa kuwa iwapo marefa wote wataitwa wezi kila wikendi, yule mwizi halisi atapata pa kujificha. Atasimama katikati ya wenzake waliosingiziwa, naye atasema kwamba hata yeye amesingiziwa.

Ili tuelewe ni kwa nini penalti huchoma mioyo kuliko uamuzi mwingine wowote, ni vyema tukumbuke ilikotoka. Adhabu hii ilipendekezwa na William McCrum, kipa kutoka kijiji cha Milford nchini Ireland, naye mwaka wa 1891 wakuu wa mchezo wakakubali kuiingiza katika sheria. Kabla ya hapo, beki aliyemkwatua mwenzake karibu na lango, au aliyeuzuia kwa mkono mpira unaoingia wavuni, aliadhibiwa kwa mkwaju wa kawaida tu, na mara nyingi hila yake ilimlipa. Jambo la kuchekesha ni kwamba pendekezo la McCrum lilipingwa vikali na baadhi ya waungwana wa Uingereza, ambao waliliona kuwa matusi. Walisema mchezaji mwungwana hawezi kumwangusha mwenzake kwa kukusudia. Ni kusema kwamba tangu siku ya kwanza, ubishi kuhusu penalti haukuwa ubishi wa miguu na mikono pekee. Ulikuwa ubishi wa nia: nani alikusudia nini?

Na nia haionekani kwa macho. Hapo ndipo penye mzigo wa refa. Sheria haisemi kwamba kila mpira unaogusa mkono ni kosa. Inamtaka mwamuzi apime iwapo mchezaji aliupeleka mkono kwenye mpira kwa makusudi, au kama aliutanua mwili wake kwa namna isiyo ya kawaida. Anatakiwa ayapime hayo huku akikimbia, huku jasho likimwingia machoni, wachezaji ishirini na zaidi wakipitapita mbele yake, na maelfu ya watu wakimpigia kelele. Hana dakika tatu za kutafakari. Akipuliza atatukanwa na upande mmoja, na asipopuliza atatukanwa na upande wa pili.

Shabiki naye anaona nini? Yeye ameketi mbali, pengine upande wa pili wa uwanja, na baina yake na tukio kuna miili, vumbi na mapenzi. Haya mapenzi ndiyo pazia zito kuliko yote. Wahenga walisema kila mwamba ngozi huvuta kwake, nasi katika kandanda tunaiwamba ngozi hiyo kila Jumapili. Wawili waliokaa kiti kwa kiti huweza kuapa kwa miungu yao yote, mmoja kwamba mpira uligonga kifua na mwingine kwamba uligonga mkono, na wala hakuna kati yao anayesema uwongo. Kila mmoja ameona kile moyo wake ulichotangulia kutaka kukiona. Hata televisheni, tunayoikimbilia kama hakimu, ina udhaifu wake. Picha inayopitishwa polepole hulifanya tendo la ghafla, lililotukia kufumba na kufumbua, lionekane kama njama iliyopangwa kwa utulivu.

Tuchukue mfano ambao wapenzi wa soka wa umri fulani barani Afrika hawawezi kuusahau. Mnamo Julai 1, 1990, mjini Naples nchini Italia, Kamerun, nchi ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia, ilikuwa ikiiongoza Uingereza kwa mabao 2-1 huku dakika saba tu zikisalia. Refa Edgardo Codesal wa Mexico akawapa Waingereza penalti, Gary Lineker akasawazisha. Katika muda wa ziada ikatolewa penalti nyingine, na Lineker akafunga tena. Kamerun ikatoka kwa 3-2. Tangu siku hiyo, waulize wazee wa vijiweni nao watakuambia kuwa Afrika iliporwa. Watakuonyesha hata alipokuwa amesimama refa.

Lakini ni wangapi wanaokumbuka kwamba bao la kwanza la Kamerun siku hiyo pia lilikuwa la penalti? Refa ni yule yule, Codesal. Ni yeye aliyeonyesha kidole kwenye alama Roger Milla alipoangushwa, na Emmanuel Kundé akaufunga mkwaju huo. Penalti hiyo haijadiliwi. Haina wimbo wala kilio. Imefutika katika kumbukumbu zetu kwa sababu ilitufaa. Hatusemi kwamba zile mbili za Waingereza zilikuwa halali au haramu. Kila mtu na macho yake. Tunalosema ni kwamba hakimu anayehesabu penalti mbili na kuisahau ya tatu hafai kumhukumu hakimu mwingine. Nyani haoni kundule.

Humu mwetu nako hatuhitaji kwenda mbali. Agosti 22, 2025, katika uwanja wa Kasarani, Harambee Stars ilikutana na Madagascar katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchini mwao. Kenya ilitangulia kufunga mapema katika kipindi cha pili, na taifa zima likaanza kuinusa nusu fainali. Kisha beki wa Kenya akahukumiwa kuwa ameunawa mpira ndani ya eneo la hatari, Madagascar ikapewa penalti, na mambo yakawa 1-1 hadi muda wa ziada ukaisha. Katika mikwaju ya kutafuta mshindi tukalazwa 4-3.

Kuna waliotoka Kasarani wakiwa na jina moja tu la msiba ule, nalo ni refa. Lakini baada ya penalti ile Kenya ilikuwa na muda mrefu wa kutafuta bao jingine, na muda wa ziada juu yake. Mikwaju mitano ya mwisho haikupigwa na refa, na mikono iliyozuia au kushindwa kuzuia haikuwa yake. Madagascar hawakuwa vibonde waliobebwa. Waliendelea hadi fainali, wakaitoa jasho Moroko kabla ya kufungwa 3-2. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Timu inayoambiwa na mashabiki wake kwamba kila inaposhindwa imeibiwa haitajifunza kupiga mikwaju, kwa kuwa imeshaambiwa kuwa kasoro haiko kwake.

Msomaji anaweza kutuuliza hapa: je, mnataka kutuambia marefa ni malaika? La, hasha. Shaka ya mashabiki haikuota yenyewe kama uyoga. Mnamo mwaka wa 2018, kabla ya Kombe la Dunia nchini Urusi, mwamuzi msaidizi kutoka papa hapa Kenya alipoteza nafasi yake katika mashindano hayo baada ya kunaswa kwenye kamera ya siri ya wanahabari akipokea pesa. Aibu ile haikuwa ya mtu mmoja, ilitupaka matope sote. Na kuna kisa kingine kikubwa zaidi, ambacho tunadhani kila shabiki wa soka barani Afrika angepaswa kukijua kwa moyo, kwa maana kinafunza namna ya kulalamika.

Novemba 12, 2016, mjini Polokwane, Afrika Kusini iliikaribisha Senegal katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia. Refa Joseph Lamptey wa Ghana akaamuru penalti, akidai kwamba beki Kalidou Koulibaly ameunawa mpira. Picha zikaonyesha kwamba mpira uligonga mguu, wala haukuufikia mkono. Afrika Kusini ikafunga mkwaju huo na mwishowe ikashinda 2-1. Senegal walikuwa na kila sababu ya kuwaka. Lakini hawakuung'oa uwanja. Walilalamika kwa njia ya sheria. Picha zikachunguzwa, na mienendo ya wacheza kamari kuhusu mechi hiyo ikapekuliwa, ikaonekana kuwa si ya kawaida. Mwezi Machi 2017 FIFA ikamfungia Lamptey maisha. Akakata rufaa, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaithibitisha adhabu hiyo. Matokeo yakafutwa. Mechi ikarudiwa Novemba 10, 2017, katika mji ule ule wa Polokwane, Senegal ikashinda 2-0 na kukata tiketi ya kwenda Urusi.

Tazama kilichomwangusha Lamptey. Haikuwa kelele. Kelele hupigwa kila siku na hazijawahi kumfungia refa yeyote maisha. Kilichomwangusha ni ushahidi: picha, takwimu za kamari, na chombo chenye uwezo na nia ya kuuchunguza. Penalti mbaya pekee haikutosha kumtia hatiani, kwa kuwa penalti mbaya hutolewa kila wikendi duniani na watu waaminifu kabisa. Ushahidi wa hila ndio uliolitenganisha kosa lake na makosa ya wenzake.

Sasa linganisha na yale yaliyotukia kwetu Machi 18, 2012, katika uwanja wa Nyayo, mashemeji Gor Mahia na AFC Leopards walipokutana. Mchezaji wa Gor Mahia alionyeshwa kadi nyekundu, na uwanja ukageuka kuwa medani ya vita. Viti viling'olewa, mawe yakarushwa, na mchezo ukasimama kwa muda mrefu. Je, kadi ile ilibatilishwa kwa mawe? Haikubatilishwa. Aliyeumia ni nani? Ni shabiki aliyekimbia na mtoto begani, ni mwuza njugu aliyemwagiwa kapu lake, ni klabu iliyobaki kujibu mashtaka, na ni uwanja uliojengwa kwa kodi ya wale wale walioung'oa viti. Hasira hasara, waliokuja kutafuta haki waliondoka wakiwa na deni.

Tumkumbuke pia yule mtu mwenye kipenga. Katika nchi hii uamuzi wa soka si kazi ya kumtajirisha mtu. Wengi wa marefa wetu wana kazi nyingine wanazozirudia Jumatatu. Peter Waweru, mmoja wa waamuzi wetu waliofika mbali zaidi barani, ni mhadhiri wa hisabati. Wengine hawana bahati hiyo. Mara si moja marefa wa ligi yetu wamelalamika kuwa marupurupu yao yamecheleweshwa kwa miezi. Mtu huyu husafiri kwa nauli aliyokopa, akachezesha mechi mbele ya umati unaomzomea, akarudi nyumbani mikono mitupu. Tukimwita mla rushwa kila siku, tusishangae kijana mwaminifu akikataa kazi hiyo na kumwachia nafasi yule ambaye kweli anaitafutia rushwa.

Ndiyo maana lawama yetu kubwa hatuielekezi kwa shabiki. Tunaielekeza kwa wakuu wa kandanda. Shabiki hurusha mawe ya maneno, na wakati mwingine mawe hasa, kwa sababu haoni mlango wa kubisha. Refa akikosea, yeye huona kimya. Hajui kama kamati ya waamuzi imeitazama mechi ile. Hajui kama refa ameonywa, amepumzishwa, au amepongezwa. Jumamosi inayofuata humwona tena uwanjani, au hamwoni, na hakuna anayemweleza lolote. Palipo na kimya, uvumi hupanga nyumba na kulipa kodi kwa wakati.

Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za kigeni. Kwanza, marefa walipwe kwa wakati, kabla ya mechi ikiwezekana. Shirikisho linalomnyima refa ujira wake halina uso wa kumkataza kupokea bahasha. Pili, kila baada ya raundi ya ligi, kamati ya waamuzi itoe taarifa fupi kuhusu maamuzi makubwa yaliyozua ubishi, iseme hili lilikuwa sahihi na sababu ni hizi, na hili lilikuwa kosa na hatua ni hizi. Tatu, anayedai kwamba refa amehongwa, awe mwenyekiti wa klabu au kocha, atakiwe kuuleta ushahidi wake mbele ya kamati. Akiwa nao asikilizwe kwa makini na alindwe, na akiwa hana aadhibiwe. Nne, mlinzi wa refa asiwe ni miguu yake mwenyewe. Usalama wa mwamuzi uwe jukumu la mwenyeji wa mechi, na timu isiyoweza kuuhakikisha isiruhusiwe kucheza nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba kumweleza shabiki sababu za uamuzi ni kumshushia refa heshima. Sisi tunaona kinyume. Jaji wa mahakama hutoa hukumu na kuandika sababu zake, na hakuna aliyemdharau kwa hilo. Sheria ya soka inasema uamuzi wa refa kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho, nasi tunaikubali, kwani bila hivyo hakuna mechi ingemalizika. Lakini "wa mwisho" si sawa na "usioelezeka." Matokeo hayabadiliki, ila mwananchi ameheshimiwa.

Wengine watasema dawa ni mitambo. Wacha tulete ule uamuzi wa video, ulioingizwa rasmi katika sheria za soka mwaka wa 2018, na kelele zitakoma. Mitambo ni msaada mwema, lakini isiyotunzwa huzaa balaa jipya. Mei 31, 2019, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika mjini Radès, Tunisia, bao la Wydad Casablanca dhidi ya Espérance lilikataliwa. Wachezaji wa Wydad wakadai video itazamwe, wakaambiwa mtambo haufanyi kazi. Wakagoma kuendelea, na fainali ya bara zima ikavunjika. Na hata mtambo unapofanya kazi, anayeitazama picha ni binadamu, na anayeamua nia ya mkono ni binadamu. Mechi nyingi zinazochezwa humu nchini, katika viwanja vya vumbi vya kaunti na vya shule, hazitauona mtambo huo kwa miaka mingi ijayo. Huko kutabaki kipenga, macho mawili na imani.

Kwa hiyo tunamwomba shabiki, aliye mwenye mchezo huu kuliko sisi sote: bisha. Bisha kwa nguvu zako zote. Sema mpira uligonga bega, sema beki alitangulia kuugusa mpira, sema refa alisimama vibaya na mshika kibendera alikuwa amelala. Hayo yote ni chumvi ya kandanda. Lakini kabla ya kulitamka lile neno la hongo, jiulize una nini mkononi. Kama unacho kitu, usikimalizie kwenye matatu. Kipeleke kunakostahili na usikubali kupuuzwa. Kama huna, basi sema tu kwamba refa alikosea. Ni neno dogo, wala halimchafulii mtu jina mbele ya watoto wake.

Nao wakuu wa Shirikisho wasidhani kwamba wito huu ni wa mashabiki peke yao. Msimu utaendelea, na mashemeji watakutana tena kama walivyokutana miaka nenda miaka rudi. Penalti itatolewa, na nusu ya uwanja haitaikubali. Nusu hiyo inastahili kupewa maelezo kabla ya Jumatatu.